Baali ni mungu wa mvua, mbona utenzi wao wenyewe unasema alikufa?

#1 Chatu wa Ruvu
Wakuu, salaam. Jumapili kanisani kwetu lilisomwa lile la Eliya na manabii 450 wa Baali kule Karmeli. Mhubiri alieleza vizuri tu: Baali ni mungu wa mvua, kwa hiyo ukame ule ulikuwa wa kumpiga palepale kwenye cheo chake. Nikaridhika. Shida ilianza usiku, nikaingia mtandaoni kutafuta Wakanaani wenyewe walisemaje juu ya Baali wao. Nakuta kwenye utenzi wao Baali anamezwa na Mauti, anakufa kabisa, anazikwa, miungu inalia. Sasa mkulima anayetegemea mvua, na akili zake timamu, anamwabuduje mungu ambaye hata wafuasi wake wanakiri alishawahi kufa? Nielimisheni. Wa matusi wapite pembeni.

#2 Mshenga
Nimekuja na kigoda na karanga. Wajuzi wakifika mnishtue.

#3 Binti Sayuni
Mleta uzi, mengine si ya kuchimba. Baali ni sanamu, yameisha. Soma Kumbukumbu la Torati 12:30, tumekatazwa hata kuuliza mataifa yale yaliitumikiaje miungu yao.

#4 Kalamu Butu
Binti Sayuni, kwa heshima, malizia aya. Kinachokatazwa ni kuuliza ili na wewe ukafanye vivyo hivyo. Sidhani Chatu ana mpango wa kuchinja fahali viwanja vya Jangwani.

Chatu, tuanzie kwenye vibao, maana bila vibao tungekuwa tunamjua Baali kwa maneno ya mahasimu wake karibu peke yao. Mwaka 1928 mkulima mmoja kwenye pwani ya Shamu (Syria), karibu na Latakia, plau lake liligonga bamba la jiwe. Chini yake kaburi la kale. Mwaka 1929 Wafaransa wakiongozwa na Claude Schaeffer wakaja kuchimba, wakahamia kilima cha jirani kiitwacho Ras Shamra, wakakuta vibao vya udongo vyenye mwandiko wa kikabari (alama za umbo la kabari zilizokandamizwa kwenye udongo) ambao hakuna aliyekuwa ameuona. Alama 30 tu. Yaani alfabeti. Hans Bauer, Édouard Dhorme na Charles Virolleaud walilifungua fumbo hilo ndani ya takriban mwaka mmoja. Mji ule ni Ugarit, ulioteketezwa mnamo 1185 KK na haukuinuka tena.

Utenzi wa Baali uko kwenye vibao 6, umeandikwa na karani aitwaye Ilimilku, enzi za mfalme Niqmaddu. Kwa kifupi: Baali anampiga Yamu (bahari), anajengewa jumba, halafu anakutana na Moti. Moti ndiye mauti. Mdomo mmoja uko ardhini, mdomo mwingine mbinguni, ulimi unafika kwenye nyota. Baali hana ubishi mbele yake, anasema mimi ni mtumwa wako, anashuka. Habari zinamfikia Eli, mzee wao mkuu. Anashuka kwenye kiti cha enzi, anakaa kwenye kigoda (Mshenga, kigoda chako hicho), anatoka kwenye kigoda anakaa chini, anajimwagia vumbi kichwani, anajikata ngozi kwa jiwe, analia: Baali amekufa, watu itakuwaje!

Kisha dada yake Anati anamtafuta. Utenzi unasema kama moyo wa ng'ombe kwa ndama wake, ndivyo moyo wa Anati kwa Baali. Anamkamata Moti, anampasua kwa upanga, anampepeta kwa ungo, anamchoma moto, anamsaga kwa jiwe la kusagia, anamtawanya shambani ndege wamle. Baadaye Eli anaota mbingu zinanyesha mafuta na makorongo yanatiririka asali, anajua Baali yu hai.

#5 Mkulima wa Dumila
Jibu si hilo hapo? Kupepeta, kuchoma, kusaga, kutawanya shambani. Hiyo ni nafaka kuanzia mavuno mpaka kupanda. Baali akifa ni kiangazi, akirudi ni masika. Kila mwaka. Mbona rahisi.

#6 Mshenga
Uzi umefungwa. Karanga hazijaisha hata.

#7 Mzee Kobe
Haujafungwa. Maelezo ya Mkulima wengi waliyashika kwa miaka mingi, na yana mvuto, ila yanavuja sehemu mbili.

Kwanza, anayepepetwa na kusagwa ni Moti, si Baali. Ukisema Moti ni nafaka, basi Mauti amegeuka chakula, na utenzi unasema wazi kwamba yeye ndiye mlaji.

Pili, hali ya hewa ya kule. Pwani ya Shamu kiangazi hakina mvua kila mwaka na hakuna anayelia. Tini, zabibu na zeituni zinaivia humohumo. Utenzi wenyewe unasema Moti anarudi kudai haki yake mwaka wa saba. Na kwenye hadithi nyingine ya Ugarit, ya mzee Daneli na mwanawe Aqhat, Aqhat akiuawa Daneli anasema miaka saba Baali atakosekana, minane Mpanda Mawingu (ndiye Baali huyohuyo): hakuna umande, hakuna mvua. Kwa hiyo kifo cha Baali ni ule mwaka ambao mvua inagoma kabisa, si kiangazi cha kawaida.

#8 Mkulima wa Dumila
Mzee Kobe umenigusa mahali. Ni kweli, kiangazi hakimwogopeshi mkulima. Kiangazi ni rafiki, mahindi yanakauka vizuri, unapukuchua kwa amani. Mimi niliwahi kupanda mara tatu msimu mmoja. Mara ya kwanza ikanyesha siku mbili, mbegu zikaota, jua likazibabua. Nikanunua tena. Zikaota, zikababuka. Ya tatu nikakopa mbegu kwa shemeji. Mama yangu mzazi alitoka nje jioni akasimama uani anaangalia wingu limepita juu yetu linakwenda kunyesha kwa wengine, akasema neno moja tu: "Limekufa." Sikumwelewa wakati ule. Sasa nakubali nusu: si kila mwaka.

#9 Ustadh Chipsi
Asalaam alaykum wadau. Nimechelewa, foleni ya mteja.

Chatu, hata Kurani imemtaja Baali. Surat As-Saffat, aya ya 125, Nabii Ilyas anawaambia watu wake: mnamwomba Baali na mnamwacha Mbora wa waumbaji? Ila neno lenyewe *ba'l* kwa Kiarabu ni bwana, mwenye mali, na pia mume. Surat Hud aya ya 72 mke wa Nabii Ibrahim anapobashiriwa mtoto anasema huyu *ba'l* wangu ni mzee, yaani mume wangu. Kwa hiyo Baali si jina la kuzaliwa, ni cheo. Jina lake hasa lilikuwa Hadadi.

Kuna jambo lingine. Nilipokuwa Maskati nilifanya kazi na Mpalestina mmoja, mpishi. Kila akipata nyanya nzuri anasema hii kama ya kwetu, *ba'li*. Nikamuuliza ba'li ndiyo nini. Akasema ni shamba lisilomwagiliwa, linalonyweshwa na mvua tu, na nyanya yake ni ndogo ila tamu kuliko zote. Wengi wanasema neno hilo la kilimo limetoka kwa Baali huyuhuyu. Eliya alishinda Karmeli, ila sokoni jina bado linauza nyanya.

#10 Binti Sayuni
Ustadh hilo la mume limenikumbusha Hosea 2:16. Mungu anamwambia Israeli siku hiyo utaniita Ishi, hutaniita tena Baali. Nilikuwa naisoma bila kuelewa. Kumbe yote mawili ni "mume wangu"!

#11 Mshenga
Binti Sayuni si ulisema tusichimbe? Naona umekuja na sururu.

#12 Kalamu Butu
Mwacheni achimbe, ameleta ushahidi mzuri kuliko wetu. Maana yake kuna wakati Waisraeli walimwita Mungu wao Baali bila kuona tabu. Tazama majina. Mwana wa Sauli ni Eshbaali kwenye 1 Nyakati 8:33, lakini kwenye 2 Samweli ni Ishboshethi, na "boshethi" ni aibu. Waandishi waling'oa Baali wakapachika aibu. Mwana wa Daudi ni Beeliada kwenye Nyakati, ni Eliada kwenye Samweli. Huko Khirbet Qeiyafa, mwaka 2012, vilichimbuliwa vipande vya mtungi vyenye jina Eshbaali mwana wa Beda, wa mnamo miaka 1000 KK. Lilikuwa jina la mtu wa kawaida tu.

Hata Hannibal aliyewatoa Warumi jasho, jina lake maana yake Baali amenifadhili.

#13 Chatu wa Ruvu
Asanteni sana, nasoma yote. Ila swali langu mnalizunguka. Nimeelewa Baali ni nani. Kwa nini wao wenyewe wamuue?

#14 Nairobi Baridi
Habari zenu huko chini. Mimi naona mnatafuta mvua kwenye siasa. Someni huo utenzi kama mtu anayesoma gazeti. Baali ana nguvu zote lakini hana mjengo. Anataka jumba, hawezi kujenga bila kibali cha mzee Eli. Hawezi hata kwenda kuomba mwenyewe. Anati anakwenda kwanza anatisha mzee kwamba atazitiririsha damu mvi zake. Haikutosha. Ikabidi wampelekee Ashera zawadi za fedha na dhahabu, apandishwe juu ya punda aende kumbembeleza mumewe. Hapo ndipo kibali kikatoka. Nani hapa hajaona hii kitu ofisini?

Na Baali alipokufa, Ashera akaleta mwanawe Athtari akalie kiti. Kijana anapanda kiti, miguu haifiki kwenye kibao cha kuwekea miguu, kichwa hakifiki juu. Akashuka mwenyewe akasema sitatawala huko juu. Wangapi wangeshuka!

Ugarit kilikuwa kifalme kidogo, mara chini ya Misri, mara chini ya Wahiti. Huo ni utenzi wa mfalme anayejua kuna mkubwa juu yake. Baali ni mfalme ambaye kila siku kiti kinatikisika. Mvua ni mapambo.

#15 Mkulima wa Dumila
Mvua ni mapambo? Wewe unga unanunua dukani, ndiyo maana.

#16 Nanga Imepaa
Mnamsahau Yamu jamani. Nyinyi wa bara mnaona mashamba tu. Ugarit ilikuwa bandari. Kwenye hekalu la Baali zimekutwa nanga za mawe, walizoweka mabaharia. Kwa nini baharia ampelekee nanga mungu wa mvua? Kwa sababu ndiye aliyempiga bahari.

Na pigano lenyewe tamu. Miungu imekaa mezani inakula, wanaingia wajumbe wa Yamu. Miungu yote inainamisha vichwa magotini kwa hofu. Baali peke yake anawakemea. Eli naye, mzee mzima, anasema sawa, Baali ni mtumwa wako. Ndipo fundi wao Kothar anampa Baali rungu mbili na kuzipa majina. Ya kwanza Yagrush inampiga Yamu mabegani, hatikisiki. Ya pili Ayyamur inampata kichwani, anaanguka.

Kaskazini ya mji kuna mlima, zamani Safoni, leo Jebel Aqra, mita 1,717, unainuka karibu tu na maji. Huko ndiko lilikokuwa jumba la Baali. Nimepita Mediterania kwa meli ya mizigo, sikuuona huo, ila nimeona milima ya namna hiyo: wingu linakaa kileleni asubuhi, jioni ngurumo inatoka humohumo kama mtu anahamisha samani. Nikiwa mdogo Tanga wazee walikuwa wanaangalia Usambara kabla ya kutweka. Huhitaji chuo kikuu kuelewa kwa nini walimweka juu pale.

#17 Mzee Kobe
Nanga amesema kweli, na kule Louvre, makumbusho ya Paris, kuna jiwe la Baali lililochimbuliwa 1932, urefu kama mita 1 na nusu hivi. Baali ameinua rungu mkono wa kulia, kushoto ameshika mkuki ambao ncha iko chini na juu umechipua kama mmea. Chini ya miguu mistari ya mawimbi, na mbele yake kimtu kidogo, labda mfalme. Ngurumo, mmea, milima au bahari, na mfalme, vyote kwenye jiwe moja. Kwa hiyo Mkulima, Nairobi na Nanga mnagombania jiwe lilelile.

#18 Ustadh Chipsi
Jambo linalonichekesha ni kwamba Mswahili anaweza kusikia vipande vya lugha ile bila mkalimani, kwa sababu ni ndugu wa Kiarabu, na sisi tumekopa huko. Moti ni mauti yetu hii hii. Wale wajumbe wa Yamu kwenye vibao wanaitwa *mlak*: malaika. Damu anayovuka Anati mpaka magotini ni *dm*. Nchi ni *ars*, ardhi. Jua ni *shpsh*, wa karibu na shamsi. Ramses wa Pili wa Misri alimpenda Anati mpaka akampa mwanawe wa kike jina Bint-Anat. Binti Anati! Hesabu ndiyo usiseme. Ushairi wao unapenda kupandisha namba, ukisema saba mshororo wa kwanza, wa pili lazima nane. Sabini na themanini zao zinasikika kabisa.

#19 Mshenga
Binti Sayuni, kutana na Binti Anati.

#20 Kalamu Butu
Ila Ustadh tahadhari moja, mwandiko ule hauna irabu. Wanaandika kama vijana kwenye simu: "bwn yko wp". Moti, Yamu, Anati, irabu zote tumeziweka sisi kwa kulinganisha na Kiebrania, Kiarabu na Kiakadi.

Na hilo la "bwana yuko wapi" sikulitunga. Wakati Baali hayupo utenzi unauliza *iy zbl b'l ars*, yuko wapi Mkuu, Bwana wa ardhi? Sasa tazama jina la Yezebeli, binti wa mfalme wa Sidoni. Kuna wataalamu wanaolisoma "yuko wapi Mkuu", yaani kilio hichohicho. Eliya anapowadhihaki pale mlimani, labda amesafiri, labda amelala mwamsheni, inawezekana anawachokoza kwenye kidonda wanachokijua. Na wao wanajikata visu mpaka damu, kama Eli alivyojikata kwa msiba. Neno *zbl* ndilo limeishia kuwa Beelzebuli, ila kwenye 2 Wafalme 1 limegeuzwa Baal-zebubu, bwana wa nzi. Matusi ya kishairi hayo.

#21 Mzee Kobe
Hapo Kalamu umekwenda mbio. Kutoka Ugarit mpaka Ahabu, mfalme wa Israeli na mume wa Yezebeli, ni zaidi ya miaka 300, na Ugarit iko mbali kaskazini. Baali wa Yezebeli huenda alikuwa Melqart, mungu wa mji wa Tiro, au Baali wa Mbinguni. Kila mji ulikuwa na wake. Usimfanye Baali wa vibao kuwa yuleyule wa Karmeli bila kupiga hodi.

#22 Kalamu Butu
Nimepiga hodi. Karmeli iko jirani na Tiro, na ugomvi ulikuwa wa mvua. Akiwa Melqart, bado yuko kazini kwa Baali.

#23 Jiwe Chini ya Maji
Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa, mnawapamba mno. Hawa walichoma watoto. Semeni na hilo.

#24 Mzee Kobe
Tuseme, ila kwa mpangilio. Kwenye vibao vya ibada vya Ugarit sadaka ni ng'ombe, kondoo, ndege, mafuta, divai. Watoto hawamo. Ushahidi mzito uko Carthage, koloni la Watiro huko Tunisia, kuna uwanja wa mitungi yenye majivu ya watoto wachanga na wanakondoo. Kundi moja la wachunguzi linasema ni kafara, maandishi ya nadhiri yapo pale juu. Jingine limepima meno na mifupa na kusema wengi walikufa tumboni au siku chache baada ya kuzaliwa, ni makaburi ya vichanga. Wanarushiana makala mpaka leo. Biblia nayo inasema Waisraeli wenyewe walifanya hayo bonde la Hinomu. Kwa hiyo jambo lilikuwepo, ila kulibandika kwa kila Mkanaani ni kama kuhukumu pwani nzima kwa nyumba moja.

#25 Mama Pili
Hamjambo wanangu. Mimi naulizia Ashera. Kuna kijana wa jirani anasema eti Mungu alikuwa na mke, ameona video. Nikamfukuza. Kuna ukweli?

#26 Kalamu Butu
Shikamoo mama. Kijana hakutunga, ila ameongeza chumvi. Kwenye jangwa la Sinai, mahali panaitwa Kuntillet Ajrud, miaka ya 1975 na 1976 ilichimbuliwa mitungi mikubwa ya mnamo 800 KK yenye maandishi ya Kiebrania: nakubariki kwa Yahwe wa Samaria na Ashera wake. Nyingine inasema Yahwe wa Temani. Huko Ugarit Ashera ni mke wa Eli na mama wa miungu 70. Na 2 Wafalme 23:7 inasema wanawake walikuwa wanamfumia Ashera ndani ya hekalu la Yerusalemu mpaka mfalme Yosia alipofagia.

#27 Mzee Kobe
"Ashera *wake*" au "Ashera *yake*"? Ndiyo kesi nzima, mama. Kiebrania hakina kawaida ya kuweka "-ake" kwenye jina la mtu, huwezi kusema "Yohana wake". Kwa hiyo wapo wanaosema si mungu mke bali nguzo ya mti iliyosimamishwa penye ibada. Wangeandika kwa Kiswahili ngeli ingemaliza ubishi siku hiyohiyo.

#28 Mama Pili
Marahaba. Basi nitamwambia arudi, lakini asije na video.

#29 Binti Sayuni
Nimekwenda kusoma Zaburi 29, sauti ya Bwana i juu ya maji, inavunja mierezi, inatikisa jangwa. Halafu Isaya 27:1, lewiathani nyoka yule mwepesi, nyoka wa kujizongazonga. Kalamu, hiyo nayo ipo kwenye vibao?

#30 Kalamu Butu
Ipo karibu neno kwa neno. Moti anamwambia Baali: ulipompiga Litani nyoka mkimbiaji, nyoka wa kujipinda, mwenye vichwa saba. Litani ndiye Lewiathani. Na Zaburi 74 inasema *vichwa* vya lewiathani, kwa wingi.

#31 Binti Sayuni
Mimi nasema manabii walimnyang'anya Baali sifa zisizo zake wakamrudishia Mwenyewe. Siwezi kusema waliiga.

#32 Nairobi Baridi
Kuiga, kunyang'anya, kurithi. Kulingana na nani anaandika ripoti.

#33 Mshenga
Mimi nasubiri ile ya Eli kulewa. Nimeisikia, msinifiche.

#34 Ustadh Chipsi
Haya. Kuna kibao Eli anawaalika miungu karamu, anakunywa mpaka anapitiliza. Anarudi kwake anashikiliwa huku na huku, anakutana na kiumbe chenye pembe na mkia, anaanguka kwenye kinyesi na mkojo wake mwenyewe. Anati na mwenzake wanatoka kutafuta dawa. Mwisho wa kibao umepigwa mstari, chini yake dawa yenyewe kwa ajili ya mtu aliyelewa: manyoya ya mbwa yanawekwa kwenye paji la uso, na mafuta ya zeituni yanayotumiwa pamoja na mmea fulani. Ni hadithi na maagizo ya daktari kwenye udongo mmoja.

#35 Mshenga
Manyoya ya mbwa wa rangi gani?

#36 Mama Pili
Nyie watoto. Lakini hiyo ya Daneli na mwanawe nimeitafuta baada ya Mzee Kobe kuitaja. Wameorodhesha kazi za mtoto wa kiume: amshike baba mkono akilewa, ambebe akishiba divai, ampake dari tope siku ya matope, amfulie nguo siku ya uchafu. Nimemsomea Pili wangu, ana miaka 24, bati la jikoni linavuja tangu mwezi wa tatu. Amecheka akaenda mpirani.

#37 Chatu wa Ruvu
Mama umenimaliza. Haya, nimehesabu majibu mpaka sasa: Mkulima na Kobe ni ukame, mmoja wa kila mwaka mmoja wa miaka saba. Nairobi ni siasa za ikulu. Nanga ni bahari. Hakuna aliyesema kwa nini walimwabudu huku wanajua anakufa.

#38 Nanga Imepaa
Labda kwa sababu hiyo hiyo. Eli hafi wala hahangaiki, amekaa mbali kwenye chemchemi za mito miwili, mvi zake nyeupe. Unampelekea nini? Yule anayepigana, anayepigwa, anayerudi, ndiye unayempigia kelele ukiwa taabani. Tazama pambano la mwisho na Moti: wanapigana pembe kama mafahali, wanaumana kama nyoka, Moti anaanguka, Baali anaanguka juu yake. Hakuna aliyeshinda. Mungu Jua ndiye anayemwambia Moti acha, Eli asije akapindua kiti chako.

#39 Mzee Kobe
Nzuri kuisikia, ila kumbuka mistari mingi imevunjika, na hata mpangilio wa vibao una ubishi. Yawezekana jibu la Chatu liko kwenye kipande kilichomomonyoka.

#40 Nairobi Baridi
Mimi kilichonishinda ni dirisha. Fundi Kothar anamwambia Baali niweke dirisha kwenye jumba. Baali anakataa. Fundi anasema utakuja kunikubalia. Baadaye kweli Baali anakubali, fundi anacheka, dirisha likifunguliwa ndiyo mawingu yanapasuka na ngurumo inatoka. Alikataa kwa nini mwanzoni?

#41 Kalamu Butu
Wengine wanasema alihofia binti zake, maana mstari unaofuata unawataja pamoja na Yamu. Wengine wanaleta Yeremia 9:21, mauti imepandia madirishani mwetu. Kwamba alipofungua pa kutolea mvua ndipo Moti alipopatia pa kuingilia.

#42 Mkulima wa Dumila
Huku kumeanza kunyesha kubwa, bati linapiga kelele sisikii hata redio. Nakwenda kufunga madirisha. Kesho nitakuja na hoja yangu ya nafaka, sijashindwa.